Majibu kwa wasomaji wa Tanga: sauti ya juu haitaki nguvu

Nikiimba taarabu, kwenye kibwagizo cha juu sauti hukwama ingawa nasukuma pumzi zote. Nifanyeje? (Dada wa Chumbageni)

Dada yangu, shida iko hapo kwenye kusukuma. Pulizia puto, kisha shika mdomo wake kwa vidole na uuvute huku na huku upepo ukitoka. Litalia. Ukikaza, mlio unapanda, ukilegeza, unashuka.

Koo lako ni hivyo hivyo: ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni, mna nyuzi mbili za sauti. Tunaziita nyuzi, lakini hasa ni mikunjo ya misuli iliyovikwa utando laini wenye unyevu. Pumzi itokayo mapafuni huzifungua, zikajifunga tena, na mpigo huo wa haraka ndio sauti. Mwanamume akizungumza hupiga kama mara 110 kwa sekunde, mwanamke kama mara 200. Ili upande, msuli mdogo wa mbele ya zoloto huinamisha gegedu (mfupa laini), nyuzi zikavutika, zikawa nyembamba, mapigo yakaongezeka. Ukisukuma pumzi kwa nguvu huku koo limekaza, nyuzi hubanana. Huko ndiko kukwama kwako.

Weka kidole kwenye kongomeo, kile kinundu cha mbele ya shingo, guna "mmm" ukipanda taratibu. Ukihisi kongomeo linakimbilia kidevuni, shuka, uanze tena kwa sauti ndogo. Msikilize marehemu Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alivyoimba na kundi la taarabu la Black Star: anapanda bila kupiga kelele. Na wimbo ukiwa juu mno kwako, mwambie mpiga kinanda aushushe. Si aibu hata kidogo.

Mwanangu wa miaka 14 huimba kaswida madrasa. Siku hizi sauti inaruka ghafla, na jirani anasema ni kijicho. (Mama wa Ngamiani)

Si kijicho, mama, anabalehe. Zoloto lake linakua, nyuzi zinarefuka na kunenepa, naye bado hajazoea kuziongoza. Kwa wengi hutulia baada ya miezi kadhaa. Msimtoe kwenye safu. Mpeni sehemu ya chini, asilazimishwe kupanda. Na tafadhali asichekwe. Namjua mtoto aliyechekwa mbele za watu usiku wa Maulidi, na hadi leo, mtu mzima, hafungui kinywa kuimba. Inaniuma kila nikimwona.

Napiga debe stendi ya Kange, kila jioni napwewa na sauti. Tangawizi kali itanisaidia?

Itakuburudisha, kaka, lakini haizigusi nyuzi: kinywaji hupita njia ya chakula, kikiingia ya hewa utapaliwa. Nyuzi zako zimevimba kwa kugongana kutwa nzima. Kunywa maji siku nzima, pokezaneni zamu, jioni nyamaza. Kujilazimisha kunong'ona si kupumzika. Ukikauka sauti zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hasa ukiwa unavuta sigara. Atazitazama nyuzi zenyewe. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, aliziona zake kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Leo wana kamera.

Mbona nikijisikiliza kwenye ujumbe wa WhatsApp sauti yangu ni nyembamba?

Ukizungumza unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, nayo huongeza uzito. Simu hunasa inayotoka mdomoni tu, na hiyo ndiyo wenzio wanayoisikia kila siku.