Kwa wahudumu wageni wa kliniki ya sukari: ijueni metformini vizuri

Mwaka wangu wa kwanza katika kliniki ya sukari hapa Kisumu, alikuja mama mmoja anayeuza samaki upande wa Dunga. Tulimpima, sukari milimoli 16 kwa lita, juu mno. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimemwandikia metformini, tembe za kushusha sukari, gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, aanze siku ile ile. Sasa nilikuwa nimeshika kalamu nimwongezee glibenklamaidi, dawa nyingine ya kushusha sukari. Muuguzi mmoja wa siku nyingi akanitangulia: "Mama, hebu tuone dawa zilizobaki." Akafungua fundo la leso polepole, akamwaga tembe mezani. Tulihesabu zaidi ya 90 kati ya 120. "Daktari, hizi zinanikimbiza chooni," akasema, "na pale ninapouzia choo kiko mbali."

Kosa lilikuwa langu. Ningemrundikia dawa ya pili juu ya ile asiyoimeza, na siku ambayo angezimeza zote pamoja kabla hajala, glibenklamaidi ingeweza kumwangusha pale kwenye meza ya samaki kwa sukari kushuka. Tulianza upya: tembe moja ya miligramu 500 baada ya ugali wa jioni, wiki nzima. Tumbo likitulia, moja asubuhi na moja jioni. Hivyo hivyo kidogo kidogo hadi nne. Kichefuchefu, gesi, kuhara na ule ulimi wenye ladha ya chuma hupungua kwa wengi mwili ukizoea. Asiyezoea kabisa mpeni ile inayoyeyuka polepole, mkimwonya asiitafune wala kuivunja, na kwamba akiona ganda lake kwenye choo asiogope, dawa yenyewe imeshaingia mwilini.

Wagonjwa watawauliza: "Nimelala njaa, mbona asubuhi sukari imepanda?" Mkiweza kulijibu swali hilo, mmeielewa dawa. Ini hutengeneza glukosi na kuimwaga kwenye damu hata mtu akiwa hajala. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ini haliisikii insulini, homoni ya kushusha sukari, vizuri, kwa hiyo linamwaga kupita kiasi. Mimi huwaambia ini ni ghala ambalo mlango wake haufungwi, na metformini ndiyo inayousukuma mlango urudi. Ndani ya seli za ini hupunguza kasi ya mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, na seli isiyo na nguvu ya ziada haiwezi kutengeneza glukosi nyingi. Husaidia pia misuli kuchukua sukari, na sehemu ya kazi yake hufanyika utumboni. Haiichapi kongosho itoe insulini zaidi. Ndiyo maana ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na hainenepeshi. Ila mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji insulini. Tembe hizi haziwezi kushika nafasi yake hata siku moja.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa kuwa hapa ndipo watu hupotea. Mwili hauivunji metformini. Inatoka kupitia figo vile vile ilivyoingia. Figo zikilegea, inarundikana, na asidi ya laktiki nayo inarundikana kwenye damu. Ndugu yake, dawa ya fenformini, aliondolewa madukani katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu ya asidi hiyo. Metformini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa kisukari na daktari Jean Sterne wa Paris mwaka 1957, ni salama kuliko ile kwa mbali sana, lakini si kwa kila mtu na si kila siku. Pimeni kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, kabla ya kuanza, kisha angalau kila mwaka. Uchujaji wa figo (eGFR, mililita kwa dakika) ukiwa chini ya 30, dawa isimame. Kati ya 30 na 45, msimwanzishie mgonjwa mpya, na anayeitumia tayari apunguziwe.

Kwetu huku hatari kubwa huja na ugonjwa mwingine. Mvua zikinyesha, kipindupindu au malaria ikampata mzee wa watu, anahara na kutapika, maji yanaisha mwilini, figo zinazimika, na yeye kwa utiifu wake anaendelea kumeza metformini. Mwambieni mapema, na mwanawe aliyemleta asikie: siku ya kuhara, kutapika au kushindwa kula, aache tembe hizi, anywe maji ya chumvi na sukari, aje hospitali. Anayetumia insulini asiiache kienyeji hivyo, huyo aje haraka. Mnywaji wa chang'aa naye aelezwe bila kugombezwa, maana pombe nyingi hulifunga ini lisiweze kuiondoa asidi ile. Mkimwona mgonjwa wa metformini anahema kwa nguvu na haraka, tumbo linauma, mwili baridi, akili imechanganyika, msitulizwe na mashine ya kidole ikisoma 8. Sukari inaweza kuwa nzuri na damu imejaa asidi. Huyo ni wa rufaa wakati huo huo.

Jambo jingine dogo: msichana asiye na kisukari akija na metformini, msimbandike jina la ugonjwa. Huenda ana tatizo la ovari zenye vifuko na hedhi zake hupotea. Ulizeni kwanza.

Na miguu. Mzee mmoja aliyekuwa akisafiri kutoka Vihiga alikuwa ametumia dawa hii zaidi ya miaka kumi, na dawa ya vidonda vya tumbo kwa muda mrefu pia. Nyayo zilikufa ganzi, na kila ziara tuliandika kuwa ni mishipa iliyoharibiwa na sukari. Siku moja nikamwomba atoe ulimi: mwekundu, laini kama uliopigwa msasa. Alikuwa na upungufu wa damu. Metformini hupunguza vitamini B12 mwilini, na dawa nyingi za asidi ya tumbo hufanya vivyo hivyo. Kipimo cha B12 kilirudi chini, tukamwanzishia sindano zake. Damu ilipanda. Ganzi haikuisha yote, lakini baada ya miezi kadhaa aliniambia kwamba akiamka asubuhi anausikia tena ubaridi wa sakafu.