Maswali ya wasomaji: PlantUML inagoma kuchora C4

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni developa niko Morogoro, tupo watatu tu tunatengeneza mfumo wa SACCOS, sasa bosi anataka tuandike mfumo mzima umejengwaje maana mwenzetu mmoja anaondoka na mambo mengi yako kichwani kwake. Nimeshauriwa PlantUML, ile programu inayogeuza maandishi kuwa michoro, na michoro ya C4, yaani mtindo wa kuchora mfumo kwa ngazi. Nimeweka Java kwenye Ubuntu, nikashusha lile faili la jar (ndiyo PlantUML yenyewe), mchoro wa mfuatano (sequence) unatoka safi kabisa, ila nikichora wa C4 naletewa picha imeandikwa "Cannot find Graphviz". Nimefuta Java nikaweka upya, wapi. Shida nini, na je niendelee nayo au nitafute nyingine?

JIBU: Endelea nayo, na Java yako ni nzima usiiguse tena. Mchoro wa mfuatano PlantUML inaupanga yenyewe, lakini michoro ya maboksi yenye mishale kila upande, na C4 imo humo, kazi ya kuamua boksi gani likae wapi inaachiwa programu nyingine inaitwa Graphviz, na kwa Ubuntu hiyo unaiweka mwenyewe. Fungua teminali:

sudo apt install graphviz
java -jar plantuml.jar -testdot

Ukiona "Installation seems OK" basi imekubali. Ikiendelea kulalamika andika "which dot" (dot ndiyo programu ya Graphviz inayopanga maboksi), njia utakayopewa iweke kwenye environment variable ya GRAPHVIZ_DOT. Na kama ni kompyuta ya ofisi huna ruhusa ya sudo, yaani ya kuweka programu, weka mstari huu chini ya @startuml: !pragma layout smetana. Hiyo ni Graphviz iliyohamishiwa kwenye Java, iko ndani ya jar tayari, mpangilio unaweza kutofautiana kidogo ila kazi inafanyika.

Kingine, maelekezo mengi yanakwambia uite C4, yaani maboksi yake yaliyoandaliwa tayari, kwa linki ndefu ya GitHub, sasa hapo bila intaneti huchori kitu, bando likiisha umekwama. Iite ya ndani ya jar:

@startuml
!include <C4/C4_Context>
Person(mw, "Mwanachama")
System(sac, "Mfumo wa SACCOS")
System_Ext(mp, "M-Pesa")
Rel(mw, sac, "Anaomba mkopo")
Rel(sac, mp, "Inatuma malipo")
@enduml

Ikikataa angalia toleo lako, ile PlantUML ya apt mara nyingi ni ya zamani, bora jar ya plantuml.com.

C4 ya Simon Brown, aliyeibuni, ina ngazi 4 na watu wengi wanataka kuzichora zote, halafu wanachoka katikati. Nyie watatu chora 2 za juu tu: ya kwanza inaonyesha mfumo na watu na mifumo ya nje, ya pili inafungua ndani uone app ya simu, API (mlango ambao programu zinaongea na mfumo), database na vinaongea vipi. Brown mwenyewe anasema hizo 2 zinatosha timu nyingi.

Hapa naomba unisikilize vizuri, usichore mfumo wa SACCOS kwenye seva ya PlantUML ya mtandaoni. Maandishi ya mchoro wako yanaingia kwenye linki yenyewe, yamebanwa tu hayajafichwa, kwahiyo yeyote mwenye ile linki anasoma mfumo wenu ulivyokaa, na hizo ni pesa za watu. Kama unaandikia kwenye VS Code yenye kiongezi cha PlantUML nenda kwenye setingi, plantuml.render iwe Local, ichore kwenye kompyuta yako.

Mafaili ya .puml, yenye maandishi ya michoro, yaweke kwenye Git (inayotunza mabadiliko ya mafaili) hiyohiyo ya kodi, folda ya docs, mtu akiongeza njia mpya ya malipo abadilishe na mshale humohumo kwenye badiliko moja, na anayekagua kodi yake asipitishe mshale ukikosekana. Michoro ikiwa kwenye Word ya mtu ndani ya miezi michache inakuwa inadanganya.

Ila kwa huyo mwenzenu anayeondoka, mchoro utakuonyesha kuna nini, hautakwambia kwanini. Kwanini riba inapigwa usiku na sio papo hapo, kwanini mlichagua database ile, malipo yakikwama katikati yeye huwa anafanyaje. Kila jambo liandikieni faili fupi kwenye docs: tulikuwa na shida gani, tukaamua nini, tukaacha nini. Anza naye wiki hii, na uanzie kwenye malipo.