Kwa nini tuombe ilhali Mungu anajua?
Dada, umeuliza kwa nini tumwombe Mungu unga na karo ilhali Mathayo 6:8 inasema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Ukiendelea kusoma, utaona kwamba mstari wa 9 unaanza na neno "basi", na katika wa 11 Yesu anawafundisha wanafunzi kuomba riziki ya leo, wala si ya mwaka mzima; kwa hiyo kujua kwa Baba ndiko kunakotupa ujasiri wa kuomba. Jirani yangu hapa Kisumu, muuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye, humtajia Mungu kodi ya kibanda hadi shilingi ya mwisho (mimi huona haya kutaja fedha), kisha hujifunga leso akaenda kuanika omena.