Kutafiti maltipo sklerosisi ukiwa Kampala: barua kwa daktari kijana

Ukisema unataka kuutumia ujana wako kutafiti maltipo sklerosisi (kwa kifupi MS), na makazi yako ni Kampala, jiandae kuchekwa. "Huo si ugonjwa wa Wazungu?" Nimeulizwa hivyo na walimu wangu, na wenzangu wodini, na hata na shemeji yangu anayeuza vipuri Kisekka. Juzi daktari kijana kutoka Mbarara ameniandikia akiuliza jambo hilohilo kwa adabu zaidi: je, Uganda kuna kazi ya kumtosha mtu hadi kustaafu? Mdogo wangu, nakujibu hadharani ili na wenzako wasome.

Kazi ipo tele. Sharti ni moja tu: usiende kutafuta Kampala kitu ambacho mtu wa Edinburgh anakipata kwa urahisi kuliko wewe. Tafuta swali ambalo hapa kwetu linajibika vizuri kuliko kwao.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe: katika MS kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Daktari Mfaransa Charcot aliueleza Paris mwaka 1868. Makadirio ya 2020 yalikuwa watu milioni 2.8 duniani, na kwa ujumla ugonjwa hupungua kadiri unavyokaribia ikweta. Sisi ikweta inapita pale Kayabwe, barabara ya Masaka, watalii wanapopigia picha. Kwa hiyo adimu ni adimu kweli. Ila sehemu ya uadimu huo ni ya macho yetu: mgonjwa wa Adjumani ambaye hajawahi kulazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya ubongo na uti wa mgongo, hawezi kuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Swali ninalolipenda kuliko yote lina mizizi Mulago, hospitali yetu kuu ya Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji pale, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 akaenda kutoa mhadhara London, na kati ya waliomsikiliza alikuwapo mtafiti Anthony Epstein, ambaye papo hapo alihisi huenda chanzo ni kirusi. Wakaelewana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Muda mrefu ukapita bila kuonekana kitu. Kisha mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa ajili ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kilipofika maabara hatimaye, maji yake yalikuwa yameingia utusitusi. Mtu mwingine angesema ni bakteria, akamwaga. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta seli hai zinaelea. Seli hizo zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, au EBV.

Januari 2022 kundi la Alberto Ascherio wa Harvard likatoa matokeo ya kufuatilia askari wa Marekani zaidi ya milioni 10. Walitumia damu iliyobaki baada ya vipimo vya VVU vya jeshi. Kati ya wagonjwa wa MS 801 waliokuwa na sampuli, mmoja tu ndiye ambaye damu yake haikuonyesha kuwa aliambukizwa EBV kabla ya kuugua. Kuambukizwa kuliongeza hatari ya MS mara 32.

Sasa kaa chini ufikiri kama Mganda. Hapa kwetu karibu kila mtoto hupata EBV akiwa bado mdogo, wengi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kirusi kimejaa kila nyumba, MS ni adimu. Kulikoni? Je, ni umri wa kuambukizwa, maana Ulaya wengi hukipata ujanani, na wale wanaougua wakati huo kwa homa na kuvimba tezi ndio wenye hatari zaidi ya MS baadaye? Ni jua na vitamini D? Ni minyoo inayoizoesha kinga kutulia? Ni jeni? Au ni kwamba wagonjwa wapo, na sisi hatuwaoni? Mtu wa Boston hawezi kulijibu hili peke yake hata akipewa fedha zote za dunia. Wewe uko karibu na Rakai na Kyamulibwa, kusini mwa Uganda, ambako wanavijiji wamefuatiliwa kwa ajili ya VVU tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Jeshi la Marekani halikutunza damu ile kwa ajili ya MS. Kabla hujaomba fedha za kukusanya sampuli mpya, nenda kaulize nini kimeshatunzwa, na idhini walizotoa wenye damu zinaruhusu nini.

La pili: usijifunge kwenye MS yenyewe. Wagonjwa utakaowaona Kampala mara nyingi watakuwa na magonjwa mengine yaliyo ndugu wa MS, na hapo ndipo daktari wa kwetu ana la kufundisha. Nilimpokea mama mmoja anayeuza mukene (dagaa) Busia, aliyekuja na kwikwi. Kwikwi na kutapika, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Alikuwa ameshatibiwa vidonda vya tumbo, malaria, typhoid, na nyumbani mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Zilipokatika zenyewe watu wakashukuru Mungu. Baada ya muda miguu ikaanza kufa ganzi kutoka chini kwenda juu, hadi kitovuni, na mkojo ukagoma. MRI ikaonyesha uvimbe mrefu ndani ya uti wa mgongo, umepita pingili zaidi ya tatu. Mchanganyiko huo, kwikwi zisizoisha halafu uti wa mgongo, ukikutana nao usiuache uende: ni nyuromayelitisi optika, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia hasa mshipa wa jicho na uti wa mgongo, hadi ithibitike vinginevyo.

Ugonjwa huo daktari Mfaransa Devic aliueleza mwaka 1894, na kwa zaidi ya miaka mia watu walibishana kama ni aina ya MS. Mwaka 2004 Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic walipata kingamwili yake kwenye damu, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba inalenga akwaporini-4, protini ya kupitishia maji kwenye seli. Usidhani huu ni ubishi wa vitabuni. Baadhi ya dawa za MS, interferoni beta ikiwa mojawapo, zinaweza kumzidishia mgonjwa wa nyuromayelitisi. Na ugonjwa huu huwapata watu weusi kwa uwiano mkubwa kuliko Wazungu, na shambulio moja tu linaweza kumwacha mtu kipofu.

Halafu kuna yale yanayojifanya MS. Kabla hujaandika herufi hizo mbili kwenye faili, mtu mwenye miguu dhaifu awe ameshapimwa VVU, kaswende, vitamini B12, na kifua kikuu cha pingili kiwe kimetafutwa. Akiwa anatoka mwambao wa Ziwa Albert au visiwa vya Victoria, muulize habari za kuoga na kuvua ziwani, kwa sababu kichocho nacho huingia kwenye uti wa mgongo. Wageni wanaokuja kutufundisha huwa wanaruka mstari huu. Mimi nauona ndio ujuzi wetu hasa, na ungefaa kuandikiwa makala nyingi kuliko zilizopo.

Sasa kazi ya kila siku, isiyo na sifa: daftari la wagonjwa. Huna haja ya programu ya bei kubwa. Unahitaji fomu ileile kwa kila mgonjwa, tarehe ya shambulio la kwanza, macho yanaona kiasi gani, na mwendo. Kipimo cha ulemavu cha Kurtzke, kile kinachotoka 0 hadi 10, sehemu kubwa ya katikati yake ni kutembea: mtu akienda mita 500 bila kupumzika yuko 4, akiweza 200 tu yuko 5, akihitaji fimbo kufika 100 yuko 6. Usimuulize mgonjwa anatembea umbali gani, maana atakupa jibu la heshima. Pima korido kwa utepe, weka alama ukutani, utembee naye. Ukitembea naye atakueleza na mambo ambayo hayasemi akiwa kitini, kwa mfano kwamba jua la saa nane likimpata pale Old Taxi Park jicho moja linaingia ukungu hadi apate kivuli. Joto hufanya hivyo kwa nyuzi zilizopoteza mayelini. Andika.

Na namba za simu chukua zaidi ya moja: yake, ya ndugu anayeishi naye, na ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) au mtu wa kanisani au msikitini, kwa ruhusa yake. Laini hubadilishwa, watu huhamia Juba au Dubai. Mgonjwa wa MS asiyefuatiliwa ni jina tu kwenye karatasi, kwani ugonjwa wenyewe huhesabiwa kwa miaka.

Kuhusu sampuli kwenda nje, nitasema wazi. Itabidi zingine ziende. Lakini kabla chupa haijapanda ndege, pawe na mkataba wa kuhamisha sampuli, kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na pawe pameandikwa nani ataandika makala, kwa mpangilio gani wa majina, na sampuli zikibaki zitafanywa nini. Ukilizungumza mapema ni utaratibu, ukisubiri matokeo yatoke unaonekana mlalamishi. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri nayo, kabla hujaiomba, uliza kwanza nani analipa dizeli ya jenereta usiku wa Jumapili.

Mafunzo ya nje nenda, usiogope. Shirikisho la kimataifa la MS lina ufadhili wa McDonald kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati, na ule mfupi zaidi wa Du Pré wa kutembelea kituo kilichopiga hatua. Nenda na data zako mkononi, hata kama ni za wagonjwa wachache. Asiye na data hupewa kazi ya kumalizia ya wengine.

Limebaki la dawa, nalo ndilo litakalokunyima usingizi. Wagonjwa wako wengi watakuwa kwenye prednisoloni na azathiopurini, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa kuwa hizo zinapatikana na zinalipika. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Rituksimabu tayari hutumika nchini kwa saratani ya damu, kwa hiyo mfamasia wako anaijua. Kikao cha kamati ya dawa cha hospitali yako kikiitwa, ingia na orodha hiyo mkononi, na lile daftari: wagonjwa wangapi, wamelazwa mara ngapi, kila kulazwa kumegharimu kiasi gani. Kaa karibu na mhasibu.