Unasema ruka, lakini husemi lini

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, aliyecheza vizuri ndiye anayefaa kuwa kocha?", nililisoma nimebanwa kwenye daladala ya Mwanjelwa kwenda Uyole, hapa Mbeya, begi la mipira mapajani, konda ananidai nauli ya begi. Kabla sijashuka nilikuwa nimeshalijibu kichwani. Nilipofika nyumbani nikalifuta lote, maana lilikuwa jibu la mchezaji. Hili mnalosoma ni la pili.

Mimi nimecheza mpira wa mikono, wengine mnauita hendiboli. Nilianza nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Iringa. Si kwamba niliupenda. Timu ya netiboli ilikuwa imejaa, nami nilikuwa mrefu, mwalimu akaninyooshea kidole. Nikapanda ngazi za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wilaya, mkoa, mpaka taifa, kisha timu moja ya Dar es Salaam ikanichukua. Nikacheza beki wa kushoto miaka sita. (Msichanganye na soka: kwetu beki ndiye anayerusha makombora kutoka mbali.) Goti likanirudisha nyumbani. Ya Dar sina mengi ya kusimulia. Kucheza ni kutamu, lakini ukikaa chini kusimulia unabaki na orodha ya mabao tu.

Kwa ambao hamjauona mchezo wenyewe, ni watu saba kila upande pamoja na kipa, dakika 30 mara mbili, kiwanja mita 40 kwa 20. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mbele yake kuna eneo la mita 6 ambalo kipa peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulikanyaga. Ila hewa ya juu ya eneo hilo haina mwenyewe. Unaruka kutoka nje ya mstari, unarusha ukiwa angani, mpira ukishatoka mkononi ndipo unatua ndani. Utamu wote uko hapo. Na mpira ukiwa mkononi una hatua tatu na sekunde tatu. Ukimaliza hizo uwe umedunda, umetoa pasi au umerusha, la sivyo filimbi.

Niliporudi Mbeya, mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya huku kwetu alisikia habari zangu akanifuata nyumbani. Mama akamkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Na mshahara, mwalimu?" Mwalimu akainamia kikombe. Mpaka leo ni posho, tena ikipatikana. Asubuhi nauza mchele wa Kyela sokoni, saa kumi jioni niko kiwanjani.

Kiwanja tulikichora wenyewe. Mnachukua kamba ya katani ya mita 6, ncha moja mnaifunga msumari na kuuchomeka chini, kwenye kona ya nyuma ya mlingoti, upande wa ndani ya goli. Ncha ya pili anaishika mtu anayetembea nayo akimwaga majivu. Mnapata robo duara. Mnahamia mlingoti wa pili, robo nyingine. Halafu mnaziunganisha kwa mstari mnyoofu wenye urefu wa mita 3 mbele ya goli. Watu wengi husimama katikati ya goli wakavuta nusu duara moja, yakaisha. Nikikuta kiwanja cha hivyo naumia kama mtu aliyetengewa ugali mbichi. Magoli yetu ni miti ya mkaratusi, majivu tuliyaomba jikoni kwa wapishi wa shule. Chokaa tuliiona mara moja tu, walipokuja wageni.

Sasa ukocha wenyewe. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa kocha mbaya, na hapa sijishushi ili mnisifu. Mafunzo yangu yalikuwa hivi: nachukua mpira, nakimbia, naruka, wavu unatikisika. "Mmeona?" "Tumeona, Madam." "Haya, fanyeni." Wanafanya, napiga filimbi. Hatua nne. Tena. Hatua nne. Mwingine anafika mstarini na mguu usio wake, anaruka kama mbuzi aliyeshtuliwa, mpira unaenda kwenye mahindi ya jirani. Nikawa nafoka. Nikaanza hadithi za "mimi nikiwa na umri wenu", hadithi ambazo nilizichukia sana nilipokuwa na umri wao. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akalia, siku ya pili hakuja.

Jina langu la zamani lilikuwa limenipa wiki mbili za heshima. Baada ya hapo wasichana walikuwa wananitazama tu.

Kisha siku moja, katika kuonyesha, goti likaniachia tena. Nikapigwa marufuku kuruka kwa miezi miwili. Nikawa nakaa juu ya tairi bovu pembeni ya kiwanja, mguu umezungushiwa kitenge, mdomo ndiyo kifaa pekee kilichobaki. Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole mnaijua wenyewe, watoto wanafanya mazoezi wamevaa masweta. Nikapiga kelele, "Ruka! Ruka sasa!" Akanijia binti mmoja mfupi, mkimya, siku zote husimama nyuma ya wenzake. Akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Samahani, Madam. Wewe unasema ruka, lakini husemi lini."

Nikamwambia, "Ukifika."

"Nikifika wapi?"

Mhariri, sikuwa na jibu. Kitu nilichokifanya mara maelfu, mbele ya watu, kwa kupigiwa makofi, sikujua nakifanya kwa mguu gani.

Usiku ule nikampigia rafiki yangu tuliyecheza naye Dar, akanitumia kipande cha video, sekunde kama 40 hivi, picha imejaa ukungu. Mimi na mpwa wangu wa darasa la sita tukakaa jikoni, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, tunaisimamisha kila baada ya hatua. Napokea pasi nikiwa mbioni. Yeye ananihesabia kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne! Akacheka: "Shangazi, na wewe umekosea!" Nikamwambia rudisha nyuma. Akarudisha. Akasimamisha pale mpira unapogusa vidole vyangu, akasogeza uso karibu na kioo. "Shangazi, hapa miguu yote iko juu."

Hapo ndipo nikaelewa. Ukipokea mpira miguu ikiwa hewani, ule mguu unaotua nao kwanza hauhesabiwi. Ni sifuri. Hesabu inaanza na unaofuata. Anayetumia mkono wa kulia anatakiwa aruke kwa mguu wa kushoto. Basi rudi kinyumenyume: hatua ya tatu kushoto, ya pili kulia, ya kwanza kushoto, sifuri ni kulia. Mimi nilikuwa nikipokea hewani na kutua na mguu wa kulia kila mara, na hakuna kocha aliyewahi kunifundisha. Mwili uliokota wenyewe barabarani.

Wasichana wangu walikuwa wanapokea mguu mmoja ukiwa chini, na mara nyingi ni wa kushoto. Hesabu basi: kulia moja, kushoto mbili, kulia tatu. Umefika mstarini na mguu wa kulia, hatua zimekwisha, na wa kushoto unaouhitaji kurukia ndiyo ile ya nne ninayoipigia filimbi. Wangeweza kuruka kwenye ya pili, lakini mimi niliwaambia "hatua tatu, hatua tatu" mpaka wakaamini kuzimaliza ni amri. Kosa halikuwa kwenye kuruka kabisa. Lilikuwa nyuma kule, kwenye kupokea, mahali ambapo sikuwahi hata kuangalia.

Kesho yake hatukurusha mpira golini hata mara moja. Nikiwa kwenye tairi langu, nikawafanya wapokee tu. Pokea hewani, tua kulia, sema "sifuri" kwa sauti. Kushoto, kulia, kushoto, juu. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kuangalia wasichana 20 wakipiga kelele za sifuri kwenye vumbi. Wiki mbili nzima nikamsahau mmoja mwenye shoto, maskini, akawa anahesabu miguu ya wenzake na kujikanyaga, mpaka akanikumbusha kwamba yeye kila kitu ni kinyume.

Basi swali lenu. Mkienda kwenye rekodi za dunia, hazitawasaidia sana. Guillaume Gille wa Ufaransa alichukua dhahabu ya Olimpiki akiwa mchezaji, Beijing 2008 na London 2012, kisha akaichukua tena akiwa kocha kwenye michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021. Nikolaj Jacobsen alikuwa winga hodari wa Denmark. Mwaka 2024 Paris alikaa benchi akiwa kocha, akaiona timu yake ikiifunga Ujerumani 39 kwa 26 kwenye fainali. Haya, mmeshasema ndiyo? Mchukueni Thorir Hergeirsson, mtu wa Iceland ambaye kama mchezaji hakuwa nyota. Akaifundisha timu ya wanawake ya Norway, ikatwaa dhahabu London 2012 na Paris 2024.

Mimi jibu langu ni hili: kucheza kulinipa macho. Naona bega lililochoka kabla mwenyewe hajajua. Namwona kipa aliyeanza kuogopa, kwa jinsi anavyochelewa kupandisha mikono. Macho hayo sijui ningeyanunua wapi. Lakini kucheza kulinificha mengi pia, hasa yale niliyoyapata bure.

Mfano ni mikono. Mipira tuliyoletewa ilikuwa namba 3, ya wanaume: mzingo sentimita 58 hadi 60, gramu 425 hadi 475. Ya wanawake ni namba 2, sentimita 54 hadi 56, gramu 325 hadi 375. Aliyenunua, simtaji, alidhani mpira ni mpira. Na mimi niliupokea mzigo ule nikashukuru, nikatia saini, kwa sababu mikono yangu ni mikubwa na mpira wowote unaenea. Ilinichukua muda kugundua kwamba watoto hawarushi, wanasukuma. Nikawapanga mstari, kila mmoja aushike mpira kwa mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, nihesabu hadi tano. Katika 20, ilibaki mipira mitatu mikononi.

Tukajaribu ujanja. Huko Ulaya wachezaji hupaka gundi vidoleni, na gundi hiyo asili yake ni utomvu wa misonobari. Sasa misonobari si tunayo? Ukipita Mafinga, msitu wa Sao Hill unakusindikiza pande zote za barabara, na watu wanagema utomvu kule. Kaka yangu akaniletea kopo moja. Nikajiona nimegundua dhahabu. Gundi ile inafaa kwenye sakafu ya ndani, kwenye vumbi la Mbeya ni msiba. Dakika ya tano mpira ulikuwa kama andazi lililoviringishwa mchangani, na kipa wetu alikuwa na kokoto kwenye nyusi. Sabuni haikutoa kitu, ilibidi mafuta ya kupikia. Kopo bado liko uvunguni, mwenye nyumba yenye mlango mbovu aje achukue.

Mwaka huu kwenye mashindano ya wilaya tulikutana na shule yenye wasichana warefu, wamenyooka kama mianzi, na mipira yao ni namba 2. Ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Dakika za mwisho tuko nyuma bao moja. Pasi ikatoka kwa yule mwenye shoto, ikamwendea binti yangu mfupi, yule wa "lini". Nikaona miguu yote miwili iko juu. Akatua na kulia. Mwamuzi akapeleka filimbi mdomoni, najua alikuwa anahesabu, kushoto, kulia, kushoto, akaishusha bila kuipuliza. Mtoto yuko hewani, juu ya mstari, mkono uko nyuma ya kichwa.

Mpira ukagonga mtambaa panya ukatoka nje.

Nilitegemea atalia. Alikuja akikimbia hadi pembeni nilipo, macho yanang'aa, anahema. "Madam, umeona? Sifuri!"

Nikamwambia nimeona, rudi ukalinde, wenzako wako sita na mechi haijaisha.