Usimwachishe mama vidonge vya presha

Dada wa Majengo, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama mama aache dawa za presha, maana mganga wa kwenye simu anadai kumponya kutoka mbali na kwamba sayansi imethibitisha.

Majaribio anayoyataja ni ya chembe za mwanga zilizounganishwa, ambazo vipimo vyake huwiana hata zikiwa mbalimbali. Wanasayansi Aspect, Clauser na Zeilinger walipata Nobel ya fizikia mwaka 2022 kwa majaribio hayo. Ila muunganiko ule haupitishi hata ujumbe, sembuse tiba! Marekani walipima maombi ya mbali kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Matokeo ya 2006: maombi hayo hayakupunguza matatizo baada ya upasuaji.

Kumwombea endeleeni, kunampa moyo. Lakini kesho asubuhi mpeleke hospitali ya Mawenzi apimwe, ubebe pakiti zake zote. Asimeze dozi mbili kufidia alizoruka.