Usipake hilo dumu rangi nyeusi!

Mkuu, weka brashi chini kwanza. Umeuliza mambo matatu: sanduku la jua, lile lenye kioo la kupashia maji, liwe la mbao au la boksi, kioo cha milimita ngapi, na kama dumu la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi na kuanikwa juu ya bati litawatosha watu sita maji ya kunywa. Naanza na dumu, maana lilininyoosha.

Huku Kishapu tunachota lambo, tunapokezana na ng'ombe. Mwaka juzi alikuja mtaalamu wa semina, shati limepigwa pasi, soda mkononi. Akasema rangi nyeusi huvuta joto na joto huua wadudu, kwa hiyo anika asubuhi, kunywa jioni. La kwanza kweli, la pili kweli, la tatu likatumaliza. Nikapaka madumu manne. Jioni nagusa, ya moto! Nikajiona injinia. Siku ya tatu nyumba nzima tunapishana chooni, na mama mkwe ndiyo alikuwa amekuja kutusalimia. Choo kimoja. Naomba nisiendelee. Ila mdogo wangu wa mwisho alilazwa, dripu siku mbili, na hapo hakuna utani.

Baadaye jirani muuza maziwa akaniazima kipimajoto. Dumu lipo juani tangu saa mbili asubuhi, napima saa tisa alasiri: nyuzi 44. Nikamsimulia kijana mmoja wa maabara ya maji, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe wao wakitaka kuwaotesha wadudu wa kinyesi ili wawahesabu, huwaweka kwenye joto hilo hilo, nyuzi 44! Yaani mimi nilikuwa nafuga. Bwana soda yeye posho alishachukua.

Alichofanya ni kuchanganya njia mbili. Ile ya chupa angavu za plastiki huua kwa mionzi ya jua: chupa ya lita moja au mbili, maji maangavu, muda wa saa 6 jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Ukikipaka chombo rangi nyeusi umeufungia mwanga nje. Na maji yetu ya lambo yana rangi ya chai ya maziwa, mwanga gani utapenya humo?

Njia ya joto inataka nyuzi 65, zikae hapo dakika kadhaa. Mimi nasubiri 70, kwa uoga wangu. Lita 20 juu ya bati tupu hazifiki huko, upepo unazipoza wakati jua linazipasha. Lita tatu nne kwenye sufuria nyeusi yenye mfuniko, ndani ya sanduku lenye kioo, zinafika. Ila pima! Mkono haupimi, maana kwenye 50 tu unauondoa mwenyewe. Wala usidanganywe na ile ya kutumbukiza kipande cha mshumaa ukiyeyuka unywe. Mishumaa mingi ya dukani huyeyuka kabla ya 65. Nta za kupimia maji zipo, zimetengenezwa ziyeyuke karibu na 70.

Hela ya rangi nunulia kipimajoto. Kioo sijui milimita, changu nilikitoa kwenye dirisha la banda la kuku.